Sinia Moja, Mgonjwa na Mzima



Ndugu wasomaji, katika maswali yanayotufikia kuna moja linalorudi kila mara kwa sura mbalimbali. Mama mmoja huuliza: mume wangu ana kisukari, je, nimpikie chungu chake peke yake au nyumba nzima tule anachokula yeye? Kijana huuliza: babu yetu haachi hitma hata moja, na kila akirudi sukari imempanda, lakini tukimsihi aache pilau hutujibu kwamba hawezi kumvunjia heshima mwenye shughuli, je, kukataa chakula cha watu ni kosa katika dini? Na dada mmoja ametuuliza lililo fupi kuliko yote: nikimwondolea mama wali, chapati, mahamri na chai ya sukari, nimpe nini?

Tukiyatazama vizuri, maswali haya matatu ni swali moja. Meza yetu ya pwani imejengwa juu ya wanga na sukari, na heshima yetu imejengwa juu ya meza hiyo. Tunampokea mgeni kwa sharubati, tunamkirimu kwa wali, tunamuaga kwa halwa na kahawa. Basi ugonjwa unaomzuia mtu wali na sukari humzuia pia kukaa na watu kama alivyozoea. Ndiyo sababu wengi hushindwa na masharti ya daktari. Dawa wanameza, maelezo wameyafahamu, ila hawataki kuwa yule mtu anayeketi pembeni na kibakuli chake huku wenziwe wamezunguka sinia.

Mwanzo wa jibu tuliupata mbali na bahari, katika mji wa Lwakhakha.

Lwakhakha ni mji wa mpakani katika kaunti ya Bungoma, kwenye mto wa jina hilo hilo unaotenganisha Kenya na Uganda, chini ya Mlima Elgon ambao wenyeji huuita Masaba. Upande wa huku wako Wabukusu, na upande wa pili Wagisu. Ni watu wa asili moja na lugha zao hazipishani sana. Tulikuwa tukirejea kutoka Mbale, mji wenye Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988, ambacho baadhi ya vijana wetu wa pwani wamesomea. Ndugu mmoja wa Lwakhakha akatukaribisha kwa chakula cha mchana.

Msomaji asidhani kwamba huko ni nchi ya watu wasiojua wanga. Kuelekea Kitale ndiko kwenye mashamba makubwa ya mahindi yanayolisha sehemu kubwa ya Kenya, na Bungoma ni nchi ya miwa. Ugali huko ndicho chakula chenyewe; aliyekula vitu vingine vyote akakosa ugali, huhesabika kuwa hajala. Kwa hiyo mwenye kisukari wa Lwakhakha amezungukwa na mahindi na miwa kama vile mwenye kisukari wa Mombasa alivyozungukwa na mchele na tende. Mtihani ni ule ule.

Sinia ilipowekwa mbele yetu, hatukuona ugali. Palikuwa na mrenda, ambao wengine wetu pwani twauita mlenda, uliochanganywa na majani ya kunde. Palikuwa na kuku wa kienyeji katika mchuzi mwepesi. Na palikuwa na kitoweo tusichokijua, vipande vyembamba vyenye harufu ya moshi katika mchuzi mzito wa njugu. Hicho ndicho maleewa: machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo wenyeji wa Masaba wamekula tangu zamani. Tukala mboga na nyama kwa utulivu mpaka makali ya njaa yakatuisha. Hapo ndipo ugali ulipoletwa, mmoja kwa wote, kila mtu akajikatia alichotaka. Vijana walikata vipande vikubwa. Mwenyeji wetu alikata kipande kisichojaa kiganja, akakila polepole, akanawa.

Tulipomwuliza mbona hali, alitueleza kwamba ana kisukari kwa miaka mingi. Tulikuwa tumekula naye sinia moja kwa nusu saa bila kujua kwamba kati yetu kulikuwa na mgonjwa. Mkewe hakuwa amempikia chungu cha peke yake wala hakuwanyima wageni chakula cha nchi yao. Alichokifanya ni mambo mawili tu: alizidisha kwa wingi vile ambavyo mumewe anaweza kula, na akakichelewesha kile ambacho kinamdhuru.

Hekima ya mama huyu ina msingi katika elimu ya tiba. Wanga ukitangulia tumboni, sukari hupanda katika damu kwa kasi. Ukitanguliwa na mboga za majani na kitoweo, kasi hiyo hupungua, hata kama kiasi cha chakula ni kile kile. Juu ya hayo, aliyekwisha kushiba nusu kwa mboga hatakula ugali mwingi. Nasi pwani twaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama: kachumbari, mchicha na samaki vitangulie, wali ufuate.

Wanga ni nini, na kwa nini unahesabiwa

Wengi wetu husema, "Mimi sili sukari," kisha wakajaza sahani ya wali. Ni lazima tulieleze jambo hili. Wanga wote tunaokula, uwe wa wali, ugali, chapati, muhogo au viazi, mwili huuvunja ukawa sukari na kuutia katika damu. Insulini ndiyo inayoifungulia sukari hiyo mlango wa kuingia katika viungo. Kwa mwenye kisukari, ama insulini hiyo haipo, au ni pungufu, au ipo lakini mwili hauitii. Sukari hubaki katika damu, na kwa miaka huharibu macho, figo, mishipa ya fahamu na miguu.

Kikombe kimoja cha wali mweupe uliopikwa kina gramu 45 hivi za wanga. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Basi kikombe kimoja cha wali huufikishia mwili sukari ya vijiko 11, na mtu mzima katika sahani ya harusi hula vikombe viwili au vitatu bila kuhisi. Soda ya kawaida ya mililita 500 hukaribia au kuzidi gramu 50. Mwenye kunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu, amekunywa vijiko tisa vya sukari kabla hajagusa chakula. Upande wa pili, yai, samaki, kuku na nyama karibu hazina wanga kabisa, na mboga za majani zina wanga kidogo sana. Hesabu hii ndogo, akiijua mpishi wa nyumba, imemfaa kuliko orodha ndefu ya makatazo.

Vyakula vinavyotuhadaa

Viko vyakula ambavyo watu wetu huvitoa katika hesabu kwa sababu vina sifa njema, na humo ndimo hatari ilipo.

Cha kwanza ni asali. Tunaamini kwamba ndani yake mna shifaa, kama tulivyofundishwa katika Surat an-Nahl. Lakini kitu kuwa na shifaa si ruhusa ya kukila bila kipimo, na shifaa ya ugonjwa mmoja si lazima iwe shifaa ya kila ugonjwa. Kwa uzito, karibu sehemu nne katika tano za asali ni sukari. Anayebadilisha sukari ya chai kwa asali huku akidhani amejitibu, amebadilisha jina tu.

Cha pili ni tende. Tende kavu nayo zaidi ya nusu yake ni sukari. Kufungua saumu kwa tende ni sunna inayopendwa, na sunna hiyo haikumwamrisha mgonjwa amalize sahani. Tende moja ndogo na maji humtosha, na maji peke yake pia yamo katika sunna hiyo kwa asiyepata tende.

Cha tatu ni sukari nguru, inayopikwa kwa wingi katika nchi za miwa za magharibi ya Kenya na kuletwa hadi masoko yetu. Rangi yake ya kahawia huwafanya watu waione kuwa ni dawa. Ni maji ya miwa yaliyochemshwa yakaganda, na katika damu hufanya kazi ile ile ya sukari nyeupe.

Cha nne ni unga wa wimbi na wa mtama. Hapa kuna ukweli na kuna kupitiliza. Ugali wa wimbi una nyuzinyuzi nyingi kuliko ule wa unga mweupe uliokobolewa, na wimbi lilikuwa chakula cha nchi ile kabla mahindi hayajatawala. Ni bora, naam. Lakini zaidi ya theluthi mbili ya uzito wa unga wa wimbi ni wanga, sawa na unga wa mahindi. Ubora wake hauondoi kipimo. Na sharubati za matunda, hata zisipotiwa sukari, ni za jamaa hii: tunda likisagwa na kuchujwa, nyuzinyuzi zake huondoka na sukari yake hubaki.

Tuingie jikoni

Sasa tumjibu dada yetu aliyeuliza, "Nimpe nini?" Tunasema: mpe vyakula vilivyomo tayari katika mapishi yetu, ila tumevizoea kuviweka pembeni ya wali kama pambo.

Tuanze na mchuzi wa samaki wa nazi. Nguru, changu au tafi, kwa tui, ndimu, bizari na pilipili, hauna wanga wa kutisha, mradi usitiwe viazi. Weka biringani au bamia mahali pa viazi. Badala ya wali, mpakulie juu ya mchicha, mnavu au kisamvu kilichopikwa laini. Tui lina mafuta mengi, kwa hiyo lisizidi. Tui la pili latosha kupikia na la kwanza kidogo humalizia.

Kwa anayelilia pilau, tunashauri kabichi. Kaanga vitunguu mpaka viwe kahawia iliyokolea, kwa maana humo ndimo rangi na harufu ya pilau zinamotoka. Tia thomu na tangawizi, kisha bizari nzima, pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu, na nyama iliyokwisha kuiva pamoja na supu yake kidogo. Katakata kabichi iwe ndogo ndogo mfano wa punje, itie, funika kwa moto mdogo dakika kama kumi bila kuongeza maji, kisha funua ikauke. Hatudai kwamba hii ni pilau. Lakini ladha anayoikumbuka mgonjwa ni ya viungo na vitunguu, na hiyo ataipata yote. Mwenye uwezo wa kununua koliflawa ataikwaruza kwa kibao na kuikausha kwenye kikaango kwa tui kidogo na chumvi, nayo hukaribia zaidi umbo la wali wa nazi.

Maleewa si rahisi kuyapata pwani, lakini mwenye safari ya Mbale atayakuta sokoni. Huloweshwa usiku kucha, huchemshwa vizuri na maji yake kumwagwa, kisha hukatwa na kupikwa kwa njugu zilizosagwa, kitunguu na chumvi. Asiharakishe kuchemsha, kwani chipukizi bichi la mwanzi lina sumu ambayo huondoka kwa kuchemshwa. Asiyeyapata atumie mchuzi huo huo wa njugu kwa mchicha au majani ya kunde. Wenyeji wa Bungoma hulainisha mboga ngumu kwa maji ya majivu yaliyochujwa. Magadi kidogo hufanya kazi hiyo, ila mwenye shinikizo la damu ayapunguze sana.

Tukija kwenye kifungua kinywa, ambapo mahamri na mbaazi ndizo desturi, tunao utajiri tunaoutupa kila siku. Ni chicha la nazi, lile linalobaki kwenye kifumbu baada ya tui kukamuliwa, ambalo wengi huwapa kuku. Chicha lililokamuliwa sawasawa lina nyuzinyuzi nyingi na wanga kidogo. Lianike juani au likaushe kwa moto mdogo, kisha lisage. Chukua kikombe kimoja cha chicha hilo, mayai matatu, iliki iliyotwangwa, chumvi chembe na nusu kijiko cha chai cha hamira ya unga. Changanya, liache dakika chache linywe mayai. Likiwa kavu mno, ongeza tui kidogo. Finyanga viduara vidogo, uvipike kwa mafuta machache kwenye kikaango kilichofunikwa, upande mmoja na wa pili. Ni laini, vina harufu ya iliki, na watoto hawatauliza kama ni vya mgonjwa. Mbaazi nazo zina wanga, ila wa kupanda polepole. Nusu kikombe si tatizo kwa wengi wao.

Chai hatuna sababu ya kuifanya adui. Punguza nusu kijiko cha sukari kila wiki, na huku ukizidisha tangawizi, iliki na mdalasini. Ulimi hufundishika; aliyetumia vijiko vitatu, baada ya wiki sita hatakuwa na kijiko hata kimoja. Na watu wa pwani tumekwisha kurithi kinywaji kisicho na sukari tangu asili, nacho ni kahawa tungu. Buni nzuri humea kwenye miteremko ya Elgon pande zote mbili za mpaka. Kosa si la kahawa, ni la kashata na halwa inayoandamana nayo. Weka karanga au vipande vya nazi mbivu kando ya kikombe, na baraza itaendelea kama kawaida.

Ama halwa yenyewe, hatutamdanganya mtu. Imepikwa kwa sukari, wanga na samli, na hatujui namna ya kuipika ikabaki halwa bila vitu hivyo. Kuna vyakula vya kubadilishwa na kuna vyakula vya kuachwa.

Tahadhari isiyopaswa kupuuzwa

Hapa tunamuomba msomaji asome kwa makini. Chakula hakichukui nafasi ya dawa. Ugonjwa huu waliujua waliotutangulia. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliueleza katika Al-Qanun. Lakini kwa karne nyingi baada yake, madaktari hawakuwa na silaha ila chakula, na watoto waliopata kisukari cha kukosa insulini kabisa waliishi kwa njaa ya makusudi, kisha wakafa. Mlango ulifunguka mwaka 1921 huko Toronto, Frederick Banting na wenzake walipoipata insulini, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa sindano ya kwanza. Basi yeyote anayemwambia mgonjwa aache insulini kwa sababu ameacha wali, anamrudisha katika zama za kabla ya mwaka huo.

Kuna na hatari ya upande wa pili. Mwenye kutumia insulini, au vidonge kama glibenklamaidi, akipunguza wanga ghafla huku kipimo cha dawa kikibaki kile kile, sukari yake yaweza kuanguka. Kwa hiyo mabadiliko makubwa ya chakula yatanguliwe na mazungumzo na daktari. Mwenye maradhi ya figo, mja mzito na mtoto wasijiamulie wenyewe.

Dalili za sukari kuanguka ni kutetemeka, jasho la ghafla, njaa kali, maneno kuvurugika. Hapo dawa ni sukari ile ile tuliyoikimbia: vijiko vitatu au vinne vya chai katika maji, apewe haraka akiwa anaweza kumeza, apimwe tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Kwa sababu hiyo tunasema jambo ambalo laweza kushangaza: nyumba yenye mtu anayetumia insulini isikose sukari. Iwekwe mahali panapojulikana na kila mtu, kama inavyowekwa dawa.

Na katika mwezi wa Ramadhani, rukhsa ya mgonjwa iko wazi katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na ya 185: alipe siku nyingine, na asiyetarajia kuweza atoe fidia kwa kulisha masikini. Mwenye kisukari akutane na daktari kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kuanguka. Akifunga, ajipime, kuchoma kidole kwa kipimo hakufunguzi. Akikuta sukari iko chini ya milimoli 3.9 kwa lita, afungue papo hapo hata kama imebaki nusu saa magharibi iadhiniwe. Akikuta imepita 16.6, afungue vilevile na atafute matibabu. Kung'ang'ania saumu katika hali hiyo ni kujitia katika madhara ambayo dini imeyakataza. Na futari yake isiwe muhogo, viazi vitamu, tambi na kaimati kwa pamoja. Achague kimoja kwa kiasi, baada ya supu, samaki na mboga.

Hukumu ya mgeni anayekataa

Tumebakiwa na babu wa hitma. Tunamwambia kwa heshima: kuitika mwaliko na kula ni mambo mawili. Katika Hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Jabir, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha anayealikwa aitike, kisha akamwachia hiari ya kula au kutokula. Na ni mashuhuri kwamba aliwekewa mnyama wa kenge wa jangwani akauzuia mkono wake, kwa kuwa si chakula alichokizoea kwao, na Khalid bin al-Walid akala mbele yake bila kukatazwa. Hakukilaumu chakula wala hakumhukumu mlaji. Hiyo ndiyo adabu: mzee ahudhurie, asome, aombe dua, ale nyama na kachumbari, na asiseme neno baya juu ya pilau ya watu.

Lakini mzigo huu hatutaki kumtwika yeye peke yake. Mgonjwa amekwisha kukataa mara kumi kwa siku; kukataa kwa mara ya kumi na moja, mbele ya watu wanaomsukumizia sahani, ni kazi kubwa. Sisi wenye shughuli ndio wenye lile neno la hatari: "Kidogo tu, mzee. Leo tu." Waliosema chovya chovya humaliza buyu la asali hawakukosea. Shughuli zetu ni nyingi, na kila moja huiita nafsi yake "leo tu". Anayealikwa hitma Alhamisi, harusi Jumamosi na maulidi Jumapili amekwisha kuambiwa "leo tu" mara tatu kabla wiki haijageuka.

Basi tunapendekeza jambo dogo kwa kamati za misikiti, kwa kumbi za harusi na kwa kila nyumba. Katika kila shughuli, sinia za mboga na kitoweo ziwekwe kwa wote na zitangulie. Wali ufuate nyuma. Pawe na birika la kahawa tungu na maji safi kando ya sharubati. Asiulizwe mtu kwa sauti kwa nini hali wali, na asipewe sahani ya peke yake kama aliyetengwa. Gharama yake ni ndogo, kwani mafungu ya mchicha ni rahisi kuliko gunia la mchele.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Itakuwa vibaya ikiwa mwenyeji anapona na mgeni anarudi kwake mgonjwa zaidi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowahudumia, na atubarikie katika riziki zetu. Wabillahi tawfiq.